Je, kumfuga ngege pamoja na sato bwawani kunaweza kumwokoa?

Mfugaji wa Chanika:
Ndugu wanajukwaa, nina bwawa la sato huku Chanika, na mteja wangu mmoja, mzee wa Musoma, kila akija kununua hunisimulia habari za ngege wa ujanani mwake, samaki ambaye nasikia sasa yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Je, nikipata vifaranga vyake na kuvifuga pamoja na sato wangu, nitakuwa nimesaidia kumhifadhi? Sato wangu ni madume matupu, kwa hiyo sidhani kama watazaliana.

Mwana wa Ukerewe:
Nia yako ni njema, lakini hapo kwenye kuwachanganya ndipo penye hatari. Ngege (*Oreochromis esculentus*) asili yake ni maziwa Victoria na Kyoga pamoja na maziwa madogo ya jirani, na zamani ndiye aliyetegemewa zaidi na wavuvi wa Victoria. Jike huatamia mayai mdomoni, na vifaranga vikishtuka hukimbilia humo humo, hivyo jike akinaswa huenda na uzao wake wote. Nyavu za makila, yaani zile zinazomnasa samaki kichwani anapojaribu kupita kwenye matundu yake, zilizoingia ziwani mwaka 1905 zilimpunguza mapema, kisha katika miaka ya 1950 na 1960 wakapandikizwa sangara, ambaye humla, na sato, ambaye humnyang'anya chakula na mazalia na, baya zaidi, huzaliana naye.

Mpima Maji:
Naongezea kuhusu hao madume. Dawa ya kugeuza jinsia, ile wanayolishwa vifaranga ili wote wawe madume, mara nyingi huacha majike wachache, lakini hata wangekuwa madume watupu kweli, dume la sato na jike la ngege wanatosha kabisa kuzaa chotara, na chotara huyo naye huzaa. Ngege waliobaki wako zaidi katika maziwa madogo kama Kanyaboli, nchini Kenya, ambako vinamasi vya mafunjo vyenye oksijeni haba humzuia sangara kupita. Walipandikizwa pia Singida na katika mabwawa kadhaa ya nchi yetu, ila mahali ambapo sato amefika huwezi kuwa na hakika ya usafi wa mbegu. Kutazama mkia husaidia kidogo, kwa kuwa wa sato una mistari myembamba iliyosimama na wa ngege hauna, lakini chotara hukudanganya, na jibu la kuaminika hutoka kwenye kipimo cha vinasaba.

Mfugaji wa Chanika:
Nimeelewa, nashukuru. Basi nikimtengea bwawa lake peke yake?

Mpima Maji:
Hata hivyo usimsafirishe kabla ya kuzungumza na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Dar es Salaam. Mto Ruvu una perege wake wa asili, *Oreochromis urolepis*, na mvua za masika zikifurisha mabwawa, samaki wa kuletwa hutoroka na wanaweza kuzaliana naye. Kwa sasa anza na hao sato ulio nao: inua kingo za bwawa na ufunge wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji.