Naombeni ushauri: rapa anataka midundo na haki zote za albamu nzima, nitie saini?

Midundo ya Muyeye aliandika:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni prodyuza wa hip hop hapa Malindi, mtaa wa Muyeye. Natengeneza midundo, na mara nyingi kiitikio pia hutunga mimi, kwa kuwa marapa wengi huja studio na mistari yao bila sehemu ya kuimbwa. Sasa rapa mmoja wa Mombasa, ambaye nyimbo zake zinachezwa redioni, anataka tufanye albamu ya nyimbo 8 kwa shilingi 15,000 kila wimbo. Kwa wateja wangu wa kawaida fedha hizo sizipati, hasa wakati wa masika, hoteli zinapofunga na vijana wakakosa vibarua.

Tatizo ni karatasi aliyoileta meneja wake. Inasema kwamba nikishalipwa, haki zote za midundo na utunzi zitakuwa za msanii milele, na kwamba mimi nathibitisha kuwa hakuna sauti yoyote iliyotolewa katika kazi ya mtu mwingine. Biti (yaani midundo) mbili za albamu hiyo zina kipande kifupi cha santuri ya zamani ya taarabu. Baba ananiambia fedha iliyo mkononi haikataliwi. Je, nitie saini? Na kama sivyo, niombe nini bila kumpoteza mteja?

Kijana wa Barani alijibu:

Kaka, mimi ningetia saini. Hapa Malindi prodyuza hajulikani mpaka afanye kazi na mtu wa redioni. Jina likishatoka, albamu ya pili utaiuza kwa masharti yako.

Bi Hakimiliki alijibu:

Ndugu wa Barani, kwa heshima siafikiani nawe, kwa sababu jina halilipi ikiwa karatasi imekwisha kuuza kila kitu.

Mwanangu wa Muyeye, katika kila wimbo kuna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe; ya pili ni rekodi, ambayo studio huiita masta. Wewe unayetengeneza mdundo na kutunga kiitikio ni mtunzi kama alivyo rapa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya utunzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hata watoto wako wamo katika hizo shilingi 15,000.

Kuna jambo ambalo maprodyuza wengi hawalijui. Sheria hiyohiyo inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba hata ukiikataa karatasi ya meneja na mkafanya kazi kwa maneno ya mdomo, bado hujajikinga. Unahitaji karatasi yako inayosema haki hazihami. Biti ulizozitengeneza kabla rapa hajaja ni habari nyingine. Hizo hazikuagizwa na mtu, na uhamishaji wa haki hauna nguvu bila maandishi yaliyotiwa saini na mwenye haki. Kwa hiyo tenganisha mapema zilizokuwapo na zitakazotengenezwa kwa ajili yake.

Badala ya kuuza haki, mpe leseni ya kuutumia mdundo katika albamu. Omba nusu ya utunzi kwa nyimbo ulizotunga pia kiitikio; katika hip hop ya Marekani kugawana nusu kwa nusu kati ya mwenye mdundo na mwenye maneno ni desturi iliyozoeleka, ingawa si sheria. Katika mapato ya masta, prodyuza huko hupewa mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Kabla ya kusaini, mwonyeshe wakili.

Mzee wa Santuri alijibu:

Kijana, mimi naogopa zaidi lile sharti la pili, kwa sababu ukilitia saini ilhali kipande cha taarabu kimo, deni lote la kesi litakuwa juu yako. Mwaka 1991 mahakama ya New York ilimzuia rapa Biz Markie kuendelea kuuza wimbo uliotumia rekodi ya mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na jaji alianza uamuzi wake kwa amri ya Biblia ya kutoiba. Tangu hapo kampuni kubwa zikaanza kudai ruhusa ya kila kipande. Ukimwita mpiga udi akakupigia upya, utakuwa umeondokana na haki ya ile rekodi, lakini utunzi bado una mwenyewe na lazima aombwe. La salama ni udi mpya kwa lahani mpya. Nami nasema hivi kwa kuwa wazee wetu wengi wa taarabu hawakupata haki yao. Tusiwe sisi wa kuwanyima tena.

Midundo ya Muyeye aliandika:

Nawashukuru sana. Shikamoo Mzee, na wewe Bi Hakimiliki. Zile biti mbili nitazitoa. Swali lililobaki: meneja akikataa leseni kabisa, je? Na nijisajili wapi?

Bi Hakimiliki alijibu:

Marahaba. Akikataa kabisa, basi bei nayo ibadilike, maana kuuza ni ghali kuliko kukodisha. Ila usiachie utunzi. Mwachie masta ikibidi, jina lako libaki kuwa mtunzi na prodyuza.

Kazi yako isajili KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Haki inazaliwa kazi inapotengenezwa, lakini cheti ni ushahidi. Waulize papo hapo ni shirika lipi la kukusanya mirabaha (malipo ya kutumiwa kwa kazi) ya watunzi lenye leseni mwaka huu, kwa sababu mambo hayo yamekuwa na migogoro.

Mzee wa Santuri alijibu:

Na chukua nusu ya fedha kabla ya kuanza. Msikilizishe biti zikiwa na sauti ya kukutambulisha, na mafaili ya kila ala peke yake yasitoke studio mpaka mgao wa kila wimbo umeandikwa na nyote wawili mmetia saini. Faili za mradi zihifadhi pamoja na tarehe zake, nakala moja nje ya Malindi. Hewa ya bahari haizihurumii kompyuta zetu.