Naacha nyumba tupu msimu wa baridi kali: nifanye nini mabomba yasipasuke, na bima italipa?

Mtoa mada
Wakuu, habari za majukumu. Niko nchi ya theluji na mwezi ujao nasafiri na familia kwa wiki kadhaa. Nyumba itabaki bila mtu. Jirani yangu aliwahi kurudi safari akakuta bomba la darini limepasuka na maji yameshuka hadi sakafu ya chini. Kampuni yake ya bima ikakataa kulipa, ikisema aliiacha nyumba bila joto. Mkataba wangu nao una kipengele cha nyumba isiyokaliwa na kinaninyima usingizi. Je, nizime hita ili kupunguza gharama? Nianzie wapi?

Fundi Bomba
Mkuu, hita usizime. Punguza, ila isishuke chini ya nyuzijoto 13, na milango ya vyumba iache wazi. Kipimajoto kiko sebuleni, bomba limepita kwenye ukuta wa nje ambako baridi ni kali zaidi.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Wengi wanadhani bomba hupasuka pale penye barafu. Mara nyingi sivyo. Barafu huziba njia, maji yanayobaki kati yake na koki iliyofungwa hukosa pa kwenda, shinikizo linapanda, na bomba hupasuka hata sehemu ambayo haijaganda. Ndiyo maana aliye nyumbani huambiwa aache koki ichuruzike kidogo usiku wa baridi kali, na afungue milango ya kabati chini ya sinki ili joto la chumba lifikie bomba.

Wewe unayesafiri, funga koki kuu, kisha fungua koki zote, ukimalizia na ya chini kabisa, maji yaishe. Vuta maji ya choo hadi tangi libaki tupu. Mpira wa bustani uchomoe kwenye koki ya nje. Lakini kama nyumba inapashwa joto kwa maji yanayozunguka kwenye radieta, mwite fundi kwanza. Mfumo huo haumwagwi ovyo.

Dada wa Madai
Nimeshughulikia madai ya bima kwa muda mrefu, na kinachoniumiza ni kuona mtu aliyejitahidi akinyimwa haki yake kwa kukosa ushahidi.

Soma kipengele hicho kwa makini. Mikataba mingi huweka kikomo cha siku mfululizo, mara nyingi 30 au 60. Mingine hudai mtu aingie kukagua kila baada ya siku chache. Waandikie kampuni ya bima waeleze masharti, wakujibu kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia siku ya mzozo. Kisha piga picha: kipimajoto kinavyosoma, koki kuu ikiwa imefungwa, kila chumba na vilivyomo. Risiti ya fundi aliyekagua hita itunze. Utakayemwachia ufunguo awe anaandika tarehe kila anapoingia.

Bima kwa kawaida hulipa hasara ya ghafla. Uvujaji wa polepole, au uzembe wa matunzo, watakataa. Na maji ya theluji iliyoyeyuka yakiingia kutoka nje kama mafuriko, mara nyingi yanahitaji bima yake.

Mkazi wa Mlimani
Usisahau paa. Joto likivujia darini, theluji huyeyuka juu, maji hushuka yakaganda tena ukingoni. Ukuta huo wa barafu huyazuia maji yanayofuata, nayo huingia chini ya vigae. Ziba matundu ya darini na ongeza kihami joto (tabaka la kuzuia joto lisipite) kabla ya kuondoka. Barafu usiipige nyundo, utavunja paa.

Mtoa mada
Nawashukuru sana. Jirani nitakayemwachia ufunguo akikuta bomba limeganda lakini halijapasuka, afanyeje?

Fundi Bomba
Afungue koki ya bomba hilo, apashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele kuanzia upande wa koki kuelekea penye barafu. Moto wa wazi kamwe, nyumba huungua hivyo. Na ajue koki kuu ilipo, maana ufa huonekana barafu ikiyeyuka.

Dada wa Madai
Likipasuka, afunge maji, apige picha kabla hajasafisha, akupigie nawe utoe taarifa kwa bima siku hiyohiyo. Kukausha na kuziba kwa muda aanze mara moja, mkataba unakutaka uzuie hasara isiongezeke. Ila zulia na samani zilizoharibika zisitupwe hadi mthamini azione, au kampuni iruhusu kwa maandishi.