Punda wangu, kidonda cha mwingine: nani anashtakiwa?

Shogi Mbili (Lamu):

Salamu aleikum, wakubwa kwa wadogo. Mimi niko Amu, mtaa wa Langoni. Nina punda wawili, jike na dume. Goti limenikatalia kazi, kwa hiyo tangu mwaka jana nimewakodisha kwa kijana anayebeba mchanga na simenti kutoka gatini hadi kwenye majengo. Kila baada ya magharibi ananiletea changu, chake anabaki nacho. Hatukuandikiana kitu. Mimi na babake tulikuwa tukicheza bao baraza moja, ningemwandikisha nini mwanawe?

Wiki jana jike akarudi anatembea upande. Nilipovua gunia la mgongoni nikaona limegandamana na ngozi. Kidonda ni kama kiganja changu, pale mabega yanapokutana, na kimeshatunga usaha. Kijana akasema ni cha jana tu. Cha jana hakinuki namna ile.

Asubuhi yake namkokota polepole kwenda kliniki ya punda pale pwani, afisa mmoja akanisimamisha mbele za watu. Akapiga picha. Akasema iko sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama na atanifikisha kortini. Nikamwambia siye mimi niliyempakia. Akaniuliza, "Punda ni wa nani?" Nikanyamaza, maana jibu lake alikuwa nalo.

Nataka kujua: ni kweli sheria inanishika mimi niliyekaa barazani, au inamshika aliyeshika fimbo? Na nikiwachukua punda wangu leo, kijana hawezi kunigeukia kwamba tulipatana hadi mwisho wa mwaka? Tafadhali msiniambie habari za magari ya mizigo. Wanaoijua Amu wanajua upana wa vichochoro vyetu.

Mganga wa Mifugo Mstaafu:

Pole, Bwana Shogi. Nitaanza na mgonjwa, korti itangoja. Kliniki hiyo iko tangu 1987 na haitoi risiti ya kukutisha, kwa hiyo endelea kumpeleka hadi ngozi mpya ifunge. Nyumbani osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Usitie oili chafu ya gari wala unga wa betri. Nimeviona vyote viwili kwa macho yangu, na wenye punda walikuwa wakijisifu navyo! Uliza pia sindano ya pepopunda. Sikia jina lenyewe, halafu jiulize kwa nini mnyama huyu haachwi na kidonda wazi kinachogusa vumbi na kinyesi.

Sasa sheria. Ni Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Haizungumzii kumpiga na kumtesa mnyama peke yake. Kumpakia kupita kiasi ni kosa, na kumfanyisha kazi akiwa hafai kwa sababu ya ugonjwa au jeraha ni kosa pia. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Utaona faini ni ndogo kuliko bei ya punda mwenyewe, na hilo limetusumbua sisi wa kazi hii miaka mingi. Lakini miezi sita ni miezi sita.

Kijana sheria inamshika moja kwa moja. Wewe unaingia kwa mlango wa pili: mwenye mnyama akiruhusu ukatili naye ana kosa, na sheria inamhesabu kuwa ameruhusu iwapo hakumwangalia na kumlinda inavyostahili. Kusema "sikuwepo" hakutoshi. Kitakachokusaidia ni kwamba siku uliyoona kidonda ulimtoa kazini na kumpeleka kutibiwa. Weka kadi ya kliniki mahali pakavu. Kama ungemrudisha gatini kesho yake, mimi ningekuwa upande wa afisa.

Kuhusu mapatano, hakuna mapatano yanayokulazimisha kumtoa mnyama mgonjwa afanyishwe kosa. Mchukue.

Na huyo afisa, muulize kwa heshima anatoka wapi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama. Anaweza kuwa wa kaunti, anaweza kuwa polisi. Kama si huyu wala si yule, basi ni mpiga picha.

Bi Tende (Shela):

Kaka yangu, usikasirike. Umesema kila magharibi unapokea chako. Ukizihesabu hizo pesa, punda amesimama wapi? Si hapo hapo mlangoni? Mkono uliohesabu noti ulishindwa kupapasa mgongo?

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia bustani ya mtu wa Madina, ngamia alipomwona akatokwa na machozi. Akauliza ngamia ni wa nani. Hakuuliza nani amempakia. Akamwambia mwenyewe amwogope Mungu, kwani ngamia amelalamika kuwa anashindishwa njaa na kuchoshwa. Swali la afisa wako ni la kale.

Jambo jingine, usiku unawafunga au unawaachia? Mwaka jana punda wa jirani yangu alikufa kwa msokoto wa tumbo, alipopasuliwa akakutwa na mifuko ya plastiki. Mifuko imepigwa marufuku tangu Agosti 2017 lakini jaani bado imejaa.

Mkulima wa Mpunga (Mwea):

Mimi naomba kitu kimoja, usimuuze huyo jike kwa hasira. Huku bara tuliona mambo. Mwaka 2012 serikali iliruhusu punda wachinjwe, baadaye vichinjio vikafunguliwa, ngozi zikipelekwa China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Wezi wakaanza. Wangu wawili waliondoka usiku mmoja mwaka 2018, tukakuta vichwa na kwato kando ya mfereji. Nilibeba mpunga kwa mgongo wangu msimu mzima, ndipo nikajua uzito wa gunia. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo, mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda bara zima. Pamoja na hayo, akija mtu usiyemjua anauliza bei ya punda mwenye kidonda, mwambie amekosea nyumba.

Mwana wa Kongwa (Dodoma):

Huku Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Ila kijijini kwetu kinachosaidia ni karatasi. Anayekodi punda wa kuteka maji anaandika madumu mangapi, safari ngapi, na siku ya kupumzika. Mashahidi wawili, kidole gumba. Undugu haujavunjika. Ule msemo wa "punda afe, mzigo ufike" siku zote husemwa na mwenye mzigo.

Shogi Mbili (Lamu):

Nimewasoma wote. Bi Tende, nimekasirika kidogo, halafu nikaenda kumtazama dume. Naye ana upara wa ngozi upande wa kushoto, haujapasuka bado. Sikuwa nimeuona.

Daktari, nimemuuliza kijana alikuwa anapakia nini. Mifuko miwili ya simenti, kila mmoja kilo 50, na sepetu juu. Kliniki wameniambia punda wa kimo chake ni wa kilo 140 hivi, na mgongoni asipite theluthi ya uzito wake. Nimepiga hesabu mara mbili kwa sababu ya kwanza sikuiamini.

Afisa hakurudi. Nikimwona nitamuuliza anatoka wapi, na nitamwonyesha kadi.

Kijana alikuja jana na mzigo wa majani bila kuitwa. Sikumgombeza. Nilimpa maji ya chumvi na kitambaa, nikamwambia aoshe. Jike alipotetemeka ngozi, mkono wake ukarudi nyuma. Dume tumempumzisha hadi Jumatatu. Baada ya hapo mzigo hautafika hata mfuko mmoja kwa safari, juu ya tandiko la usumba lililoshonwa, na gunia tupu sitaki kuliona mgongoni. Magharibi tunavua tandiko kwanza, pesa baadaye. Tumeandika hayo nyuma ya kalenda, babake kashuhudia, akaniuliza kwa nini hatukuandika mwanzo.

Jike bado hajapakiwa. Amelala mchangani nyuma ya nyumba, na usiku nafunga mlango wa ua.