Mnaouza kava za meza ya karata mtandaoni, hivi watu wa Mwanza mnatuchukuliaje?

Wakuu heshima kwenu, leo nina hasira na sitaki kuificha, moderator nikizidisha we futa hiyo sehemu uache nyingine.

Iko hivi. Huku Pasiansi tuna kijiwe chetu cha karata, Jumamosi jioni na sikukuu, hakuna hela mezani, anayefungwa ananunua soda na sato wa kuchoma basi. Lasti kadi, albastini, na mzee wetu mmoja wa Tanga akiwepo ni wahedi wa sitini mpaka usiku unaingia. Kijiwe kinahama, leo kwangu, wiki nyingine Kitangiri kwa jamaa, mara tumealikwa Nyegezi, na kote huko meza ni hizi hizi za plastiki zenye vijimistari juu na tundu la mwavuli katikati. Anayecheza karata anajua hayo mateso, karata ikishalala kwenye plastiki huokoti bila kucha, unaiburuza mpaka ukingoni mwa meza, na ikifika ukingoni jirani keshaiona. Ndo maana tukachanga tununue kava la maana, lenye unene kidogo chini, la kubeba.

Tukampata jamaa mmoja wa Dar anauza mtandaoni. Picha kali, kijani kimekolea, maua na kopa zimechorwa pembeni, na zile sarafu za plastiki za poka zimepangwa juu utadhani uko kasino. Mimi si mtu wa kununua picha. Nikamuuliza juu ni kitambaa gani? Chini kuna mpira? Ukubwa gani? Linasafirije? Majibu yake ninayo mpaka leo kwenye simu: "Boss usiwe na shaka, ni niopreni ya milimita 5, chini haitelezi, inafiti meza yoyote, na usafiri wake ni kuviringisha". Niopreni ni ule mpira laini wa nguo za wapiga mbizi. Laki na ishirini, nauli ya basi juu yako. Tukatuma.

Mzigo umefika stendi Nyamhongolo umekunjwa mara nne na kukazwa kamba kama shuka la hospitali. UMEKUNJWA. Nafungua, harufu ya gundi inanipiga puani, natandika mezani, lina matuta mawili yanayokatana katikati, juu velveti, ndani sponji la godoro, na chini... chini ni kitambaa cha bitana, ile ya ndani ya koti! Hakuna mpira hata wa kulambia. Ukiegemea kiwiko kava zima linahama na karata za wenzio.

Sasa ngoja niwaeleze hayo matuta yanafanya nini kwenye mchezo maana kuna watu watasema nalalamikia vitu vidogo. Mzee anagawa wahedi wa sitini, anarusha karata kwa mtindo wake ule wa kuitelezesha chini chini, karata inafika kwenye tuta, inagonga, inapinduka. Ree ya shupaza, uso juu, watu wote macho. Tunachanganya upya. Anagawa tena, inapinduka seti. Kwa asiyejua, ree (ile A) ni 11, seti (ile saba) 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2, karata zote jumla 120 na anayefika 61 kashinda, kwa hiyo ree moja na seti moja zikionekana tayari mmeshaona pointi 21 ziko kwa nani, hapo mnacheza nini tena? Mzee akaweka karata chini akasema "wanangu rudisheni ile plastiki". Nilitamani nimpigie yule muuzaji aongee na mzee mwenyewe.

Na hiyo velveti. Velveti ina manyoya, ukiipapasa upande huu inateleza, upande ule inakwama, maana yake anayekaa kusini anapata karata vizuri na anayekaa kaskazini anagawiwa karata zinazofika nusu njia. Kwenye meza ya karata unataka kile kitambaa cha polista laini kilichofumwa kwa kubana, karata ukiisukuma kwa kidole iende mbali. Alafu wakazi wa kando ya ziwa mtanielewa hapa, wale wadudu wa ziwani wakivamia taa usiku wanadondoka mezani mamia, kwenye kitambaa laini unapangusa mnaendelea, kwenye velveti wananasa, ukifuta wanapasuka wanaacha madoa ya kijani. Kijani juu ya kijani lakini yanaonekana, na yananuka.

Ukubwa nao. "Inafiti meza yoyote" kumbe ni sm 180 kwa 90, size ya watu wanane mpaka kumi wa poka, wenye meza ndefu ya kulia chakula. Meza ya plastiki haifiki hata mita moja! Kava linaning'inia pande mbili, mtu akaweka chupa ya soda akidhani kuna meza chini, chupa ikaenda, soda ikamwagika kwenye sponji. Niopreni ya kweli vitundu vyake vimefungwa, maji yanakaa juu unafuta na kitambaa. Sponji la godoro linakunywa kila kitu, tumelianika na bado lina harufu ya juisi iliyochacha.

Nikamtumia picha na video. Jibu: "Boss hayo matuta liache juani litanyooka lenyewe". Jua la Mwanza mnalijua. Gundi ikaachia, velveti ikafanya malengelenge. Nikamrudia, safari hii "hela hairudi mzigo ukishafunguliwa", kisha tiki za bluu na kimya. Sasa nisingefungua ningejuaje kilichomo? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kabisa kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na hayo maelezo. Ukiandika niopreni lete niopreni, kama huijui usiiandike.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hii si bidhaa ya ajabu, ina mambo machache tu ya kusema na hawayasemi. Juu kinateleza au hakitelezi. Ndani ni niopreni au sponji, na mtu apige picha ya UKINGO tuone unene kwa macho, milimita 3 mpaka 5 inatosha sana, zaidi ya hapo glasi zinayumba. Chini kuna mpira wa kushika meza. Pembeni pamepigwa ovaloki, maana ukingo uliokatwa tu unaanza kuchambuka mapema. Basi! Badala yake tunapewa rangi kumi na mbili za kuchagua.

Nyongeza, nawajibu wachache:

Aliyesema tandika blanketi: tumeshatandika sana tu. Kuokota karata kunakuwa rahisi kweli, ila linajikunja na karata hazitelezi kabisa, na tundu la mwavuli kidole bado kinalisikia.

Aliyependekeza zile mbao za pembe nane za kulaza juu ya meza, zenye mashimo ya chupa: nzuri, hazina ubishi, ila mkuu una gari. Mimi nabeba kwa bodaboda, huo ubao wa sm 120 hata ukiukunja nikikutana na upepo wa ziwa barabarani tutaongea mengine.

Mwenye swali la kubeba: usikunje kava lolote, viringisha, na uso wa kitambaa uwe nje ili ukitandika ncha zilalie meza zisinyanyuke. Jamaa yangu wa Kitangiri kakata bomba la PVC la inchi 4, fundi kamshonea mfuko wenye mkanda wa begani, anavaa mgongoni. Polisi walimsimamisha wakamuuliza ni bazuka au nini, lakini kava likifika linafika limenyooka.

Na anayesema "si mngemtafuta fundi makochi", nimezunguka Makoroboi mpaka Soko Kuu, kitambaa cha juu kipo, mafundi wapo na bei zao za kibinadamu, tatizo ni hiyo ya ndani. Kila duka nililoingia wananionyesha sponji la godoro. Kwa hiyo anayemjua mtu anayekata niopreni kwa mita hapa hapa Mwanza aandike bei humu ndani kila mtu aione, habari za njoo inboksi sitaki kuzisikia.