Mtoto hataki kitabu, anataka ndoana. Nifanyeje?

MamaKijana_Pasua:
Wapendwa, kijana wangu yuko darasa la pili hapa Moshi. Shuleni nimeambiwa anasoma vizuri. Juzi nikafunika picha kwa kiganja, akanyamaza. Kumbe alikariri ukurasa mzima! Ila mjomba wake akimpeleka kuvua bwawa la Nyumba ya Mungu, wiki nzima ni perege tu, perege tu. Nimzuie mpaka ajue kusoma?

Babu_Mstaafu:
Usimzuie, mwanangu. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, lakini kwa mjukuu wangu ba-be-bi-bo-bu zilinigomea. Nikamnunulia daftari, nikamwambia hili ni la uvuvi, la shule liache hukohuko. Tukifika Lang'ata, hukohuko bwawani, mshipi hauingii majini kabla hajaandika tarehe na chambo.

Siku ya kwanza aliandika "kabale" na "doana". Sikumkosoa. Nilisoma vilevile, nikamuuliza, "Kabale ndiye samaki gani? Mimi simjui." Akacheka, akajitamkia kambale polepole, akaichomeka m mwenyewe. Wengi hukwama hapo, kwenye mb, nd, ny na ng', na uvuvi umejaa hizo: ndoana, chambo, mtumbwi, nyungunyungu. Lang'ata yenyewe ilitula Jumamosi mbili, kile kialama cha juu alikuwa anakisahau.

Nyungunyungu wachimbeni migombani penye samadi, muwatie kwenye kopo, naye aandike jina alibandike. Bibi yake alilifungua bila kusoma. Siku hizi anasoma kila kopo.

Mkazi_wa_Sakina:
Babu shikamoo. Sisi wa Arusha nauli ya bwawani kila wiki tutaitoa wapi?

Babu_Mstaafu:
Marahaba. Si lazima bwawani. Mwandikie karatasi, perege wawili, dagaa fungu moja, umpeleke sokoni Kilombero, yeye ndiye amsomee muuzaji. Wewe kaa kimya, hata akikwama. Hapo pagumu, najua.

Shangazi_Himo:
Mjomba asimwachie mkono. Kule mamba si hadithi.

MamaKijana_Pasua:
Shikamoo babu, nimerudi. Jumamosi wametoka mikono mitupu, nikadhani daftari halitaguswa. Kaandika: "leo sijapata kitu. mjoba kapata 3 wadogo kawaludisha." Nimsahihishe?

Babu_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hiyo l iache kwanza. Muulize mjoba ni nani.