Namtafuta babu yake bibi, aliyekata kuni za meli za mto Kongo

Mjukuu wa Dunda (Bagamoyo)

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wote. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia kwamba babu yake, aliyeitwa Khamis, aliandikishwa kazi Unguja akiwa kijana, akapakiwa merikebuni pamoja na wenzake hadi mto Kongo, na huko akawa mkata kuni wa meli za moshi chini ya Bula Matari. Baadaye alirudi kwa miguu akitokea bara, akaingia Bagamoyo, akaoa na kubaki hapa hapa. Jina la baba yake hakuna anayelijua. Nilipouliza katika ofisi moja nilitakiwa kuleta jina kamili na mwaka wa kuzaliwa, na hivyo ndivyo vitu ninavyovitafuta. Naomba mnielekeze pa kuanzia.

Karani Mstaafu (Unguja)

Marahaba, mwanangu. Jina liweke kando kwanza, kwa sababu akina Khamis walikuwa wengi mno katika kila orodha ya wakati ule. Mali yako ni masimulizi ya bibi, nayo yana mambo mawili yanayoweza kupimwa: meli ya moshi, na kurudi kwa miguu.

Bula Matari ni jina la utani la Stanley, msafiri Mwingereza, naye alikwenda na watu wa pwani hii hadi mto Kongo katika safari tatu. Msafara wa 1874 ulianzia huko kwenu Bagamoyo, lakini chombo chao, Lady Alice, kilibebwa mabegani vipande vipande na majini kilikwenda kwa makasia. Tena waliosalimika walifika mji wa Boma, karibu na mlango wa mto Kongo, mwaka 1877 na kurudishwa Unguja kwa bahari. Mwaka 1879 aliajiri tena watu Unguja kwa kazi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na hao walizijua meli za moshi, ila kwao pia njia ya kurudi ilikuwa bahari. Inabaki safari ya kumfuata Emin Pasha, gavana Mjerumani aliyekwama kusini mwa Sudan. Watu zaidi ya 600 walioajiriwa Unguja waliondoka Februari 1887 kwa meli ya Madura, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakashuka Banana kwenye mlango wa mto Kongo. Waliobaki hai waliingia Bagamoyo kwa miguu tarehe 4 Desemba 1889, na jioni ile ile, katika karamu ya Wajerumani, Emin akaanguka kutoka dirishani.

Hata kuni za babu yenu zinaingia hapo. Kutoka Stanley Pool, penye Kinshasa ya leo, hadi kambi ya Yambuya juu ya mto, kati ya Mei na Juni 1887, walipandishwa na meli zilizoitwa Stanley, Peace na Henry Reed, na pamoja nazo ikakokotwa Florida ambayo mitambo yake haikuwa tayari. Meli hizo zilikula kuni tu. Kila zilipofunga gati jioni, watu walishuka na mashoka kutafuta miti mikavu, wakaikata na kuipasua usiku kwa mwanga wa moto, ili kesho yake tanuri lipate chakula. Kwa hiyo mkata kuni hakuwa kibarua wa pembeni, kwani pasipo yeye meli haiondoki.

Angalizo moja: Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na wafuasi wake walisafiri ndani ya Madura hiyo hiyo, lakini wao walikwenda Stanley Falls, Kisangani ya leo, na huenda Khamis alikuwa wa kundi hilo. Muulize aliyebaki kwenu kama bibi aliwahi kumtaja.

Mpekuzi wa Pangani (Tanga)

Nakubaliana na Karani kuhusu mwaka, ila naongeza jambo ambalo baadhi ya watu hulikwepa. Wengi wa walioandikishwa Unguja walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na bwana alichukua sehemu ya mshahara. Kwa hiyo penye jina la baba unaweza kukuta jina la bwana, au usikute kitu. Ukimtafuta Khamis bin fulani utazunguka bure. Mtafute Khamis wa fulani. Tahajia nayo isikufunge, kwani Mzungu aliandika alivyosikia, na mtu yule yule huwa Hamis ukurasa huu na Kamisi ukurasa unaofuata.

Kwa maandishi, anza na barua za ubalozi wa Uingereza zilizomo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani. Karatasi za Stanley mwenyewe ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na orodha ya yaliyomo inasomeka kwenye intaneti, hivyo isome kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Kwa maisha yake baada ya 1889 geukia Wajerumani: ofisi zao za wilaya zilitoa hati za uhuru kwa watumwa, na majalada yao mengi yamo katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, mengine Berlin. Vitabu vya ubatizo vya misheni ya Bagamoyo, iliyoanza 1868, vitakufaa tu kama kuna tawi la ukoo lililoingia Ukristo.

Mjukuu wa Dunda

Nashukuru sana. Tippu Tip bibi hakumtaja kamwe. Shida ni kwamba mama mkubwa, ambaye ndiye aliyebaki na kumbukumbu, amekataa kabisa neno utumwa litajwe mbele yake.

Bi Mkubwa wa Magomeni (Bagamoyo)

Mwanangu, usimuulize habari za utumwa, na wala huna haja. Muulize shamba la minazi walilolima wazee lilikuwa la nani, na lilipatikana kwa kununua au kwa kupewa. Muulize harusi za zamani ukoo wenu ulikwenda kusaidia kupika nyumba ya nani, na nyumba hiyo ilileta nini kwenye misiba yenu. Muulize Khamis kazikwa makaburi gani, na nani yuko jirani yake. Jina litakalojirudia katika majibu hayo ndilo uende nalo Unguja. Kisha uliza kama kuna hati ya kale ya nyumba au shamba, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, katika sanduku la mtu yeyote wa ukoo. Mimi ya kwetu niliikuta imekunjwa ndani ya msahafu, na majina ya mashahidi yalikuwa yanasomeka yote. Usiichukue, omba ruhusa uipige picha mbele ya mwenyewe, pande zote mbili.