Naomba ushauri: kipimo cha MTT kinanidanganya kwenye dondoo la mkondekonde

Habari za kazi ndugu zangu. Nipo kwenye utafiti wa shahada ya uzamili, napima kama dondoo la magome ya mkondekonde, Prunus africana, linaua seli za saratani ya tezi dume aina ya PC-3. Kwa kulinganisha natumia seli za Vero, yaani seli za figo ya nyani zisizo za saratani.

Kinachonikwamisha ni MTT, kemikali ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau, na wingi wa zambarau ndio husomwa kama wingi wa seli hai. Kadiri ninavyoongeza dozi, ndivyo seli zinavyosomeka kuwa hai zaidi, wakati kwenye darubini naziona zimejikunja duara na kubanduka chini. Juzi nikaweka dondoo, mikrogramu 200 kwa mililita, kwenye vishimo vya sahani ya maabara visivyo na seli hata moja. Baada ya saa 3 vyote vikawa zambarau! Nahisi tanini na polifenoli za magome zinabadilisha MTT zenyewe.

DMSO, kiyeyusho cha dondoo, haizidi asilimia 0.5, na vishimo vyenye DMSO peke yake viko sawa. Nimejaribu kupunguza usomaji wa vishimo visivyo na seli kutoka kwenye usomaji wa vile vyenye seli, majibu bado yanayumba.

Kwa aliyewahi kupambana na hili: nioshe kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) kabla ya kuweka MTT, ingawa nahofia seli zilizolegea zitaondoka na maji, au nihamie moja kwa moja SRB, rangi inayoshika protini za seli? Na nikiondoa tanini kwanza, sitapoteza dawa yenyewe?

Nimebakiwa na gramu 4 tu. Mti huu uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, magome niliyapata kwa kibali, na sitaki kubandua mti mwingine kwa sababu ya uzembe wangu. Natanguliza shukrani.